Hirizi ya Kampuni

Joldas alikitoa kile kidude mfukoni mwa shati na kukiweka mezani, katikati ya bakuli za chai. Kilikuwa cheupe, cha duara, hakizidi kifuniko cha chupa, na mgongoni kilikuwa na pini ya kubania nguoni. Mama yake, bibi Ulmeken, aliacha kutafuna.

"Nini hicho?"

"Beji ya vipimo, mama. Yule mama wa afya kutoka mjini ametugawia watu wote wa matangi ya mafuta."

Akaeleza kama alivyoelezwa. Asubuhi ukianza kazi unafungua mfuniko, unajibania kwenye kola karibu na pua. Ukimaliza zamu unaufunga na kukirudisha kwenye kibati chake. Chenyewe hakilii wala hakiwaki taa. Kinakaa tu kinanyonya hewa ileile unayovuta wewe, halafu maabara wanakwenda kukisoma na kusema umevuta sumu kiasi gani.

"Hiyo si kazi ya kwenda maabara," bibi Ulmeken akasema. "Wangekuja hapa wakanusa soksi zako."

Aksaule, mke wa Joldas, alicheka akiwa ameinamia birika. Mume wake hakucheka. Majira ya baridi yaliyopita mwenzake mmoja wa kazini, Orazgali, alivaa beji kama ile kwa uaminifu wote, na majibu yalipokuja yakawa mabaya. Kampuni haikwenda kuangalia matangi. Ilimwangalia Orazgali. Ikasema ameshavuta ya kutosha, ikamtoa na kumpeleka getini kufungua na kufunga mti wa kuzuia magari barabarani, na nyongeza ya kazi ya madhara ikakatwa. Hata maziwa wanayopewa watu wa matangi kila zamu alinyimwa, kwa sababu getini hakuna madhara ila upepo.

Kwa hiyo safari hii wanaume walikuwa wamekubaliana. Beji zitabaki nyumbani.

"Nikishatoka ukifungue," Joldas alimwambia mkewe wakiwa kwenye chumba cha mlangoni, akivaa viatu. "Ukiweke mahali penye hewa nzuri. Kisikae jikoni."

"Wakijua je?"

"Watajuaje? Kina macho?"

Akatoka. Basi la wafanyakazi lilikuwa likiunguruma barabarani kwenye theluji. Aksaule alifungua mfuniko kama alivyoagizwa, akakiweka kidude dirishani karibu na ua la chungu, akarudi kwenye karai lake.

Mafuta ya kisima cha kampuni si kama mafuta mengine. Yakitoka ardhini na kukutana na baridi yanaganda kama mshumaa, na yakiingia kwenye nguo ya kazi, sabuni inateleza juu yake tu. Kitu pekee kinachoyatoa ni ile petroli nyeupe inayotoka kisimani pamoja na gesi, ambayo kila nyumba kijijini ilikuwa na dumu lake. Aksaule alifua kwayo nguo za mumewe, na pia, kwa malipo, za wanaume watatu wa nyumba za jirani, na fedha hiyo ndiyo iliyoleta nyama mezani wakati wa baridi. Alifulia pale mlangoni, akazianika nguo kwenye mabomba ya maji moto chumba cha ndani, maana nje zingeganda kama mbao. Alikuwa mwangalifu. Hakuwasha kiberiti, na jiko lilikuwa nyuma, uani. Kuhusu petroli ile alijua jambo moja, kwamba inawaka. Hakuna aliyewahi kumwambia jingine.

Harufu hakuisikia tena. Ilikuwa harufu ya nyumba, kama harufu ya mkate.

*

Aliporudi ndani kumnyonyesha mwanawe mchanga, Yersain, alikuta dirisha tupu.

Bibi Ulmeken alikuwa ameshamlaza mtoto kwenye besik, kile kitanda cha mbao cha kubembea alicholalia Joldas mwenyewe na baba yake kabla yake. Mtoto alikuwa amefungwa mikanda kifuani na magotini, ametulia. Kwenye mti wa juu, unaopita juu ya uso wa mtoto, palining'inia manyoya ya bundi, ushanga na hirizi ya ngozi. Sasa kati ya manyoya na ushanga kulikuwa na kile kidude cheupe kimebanwa kwa pini yake.

"Kinang'aa," bibi Ulmeken akasema. "Jicho baya likija litakiangalia hiki kwanza, litamwacha mtoto. Nimeshakisomea bismillah."

Mke wa mwaka wa pili hatungui kitu alichokitundika mama mkwe wake. Tena, Aksaule aliwaza, hapo ni pazuri. Hakuna moshi wala upepo, na pako mbali na jiko.

Kisha bibi akaanza kufunika. Besik inafunikwa vitu saba kuanzia juu ya ule mti, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kina maana yake, na kwenye jambo hilo bibi Ulmeken hakuwa na mchezo. Blanketi jepesi, blanketi zito, ngozi ya kondoo, na vingine hadi kufikia joho la mwanamume wa nyumba, ili mtoto aote mifupa ya ukoo wake. Joho la babu lilikuwa limegawiwa siku ya maziko yake, kama inavyotakiwa. Badala yake bibi aliweka koti la kazi la Joldas. Tena hakuliweka juu. Alilitanguliza, likakaa la kwanza kutoka kwa mtoto, kwa sababu alitaka mjukuu awe mtu wa mafuta, mwenye mshahara.

Lilikuwa limetoka kwenye bomba asubuhi hiyohiyo. Aksaule alikuwa amelifua jana, akalisugua mpaka likarudi rangi yake ya buluu, na bibi alimsifia mbele ya jirani.

Jioni Joldas alirudi, akatafuta dirishani, kisha akaelekezwa. Alipoingiza mkono chini ya mafuniko na kukitoa kile kidude kando ya manyoya ya bundi, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, umemvika mjukuu wako mali ya kampuni."

"Wamezoea kuchukua vya kwetu," bibi akasema. "Na sisi tuazime chao siku moja."

Joldas alikifunga, akakirudisha kibatini, na kesho yake akakikabidhi pamoja na wenzake.

*

Yersain hakuwa mzima tangu majani yalipoanza kupukutika. Alikuwa mweupe, weupe wa unga. Alinyonya kidogo na kulala sana, na watu walimsifu mama yake kwa kuwa na mtoto mpole. Mapajani alikuwa na madoa ya damu iliyovilia. Bibi alisema ni mikanda ya besik, Aksaule anaikaza mno, basi Aksaule akailegeza, lakini madoa hayakuondoka. Mara mbili pua ilitoka damu. Muuguzi wa kijiji alimtazama kope, akampa dawa ya maji ya kuongeza damu, akasema ale ini. Bibi Ulmeken akasema ni jicho, na alimjua hata mwenye jicho.

Siku majibu yalipokuja, msimamizi hakumwita Joldas pembeni. Alisoma jina lake kwenye bwalo la chakula, watu wana vijiko mkononi. Beji za wenzake wote zilikuwa safi. Yake ilikuwa chafu kuliko yoyote iliyowahi kutoka kwenye kisima kile, kuliko hata ya Orazgali.

Kicheko kilianza meza ya mwisho. Mmoja akauliza kama Joldas huwa anayavuta mafuta kwa mrija. Mwingine akamshauri asisimame karibu na mwenye sigara. Walicheka zaidi kwa sababu walijua beji ile ilishinda wapi, na hawakuweza kulisema hilo mbele ya msimamizi. Joldas naye hakuweza. Alikaa na siri iliyoweza kumtetea na kumfukuzisha kazi kwa wakati mmoja.

Akatolewa damu ya kupimwa, akanyimwa maziwa, na wiki hiyohiyo akawa anafungua mti wa getini pamoja na Orazgali, wanaume wawili kwa kazi ya mmoja. Basi la wenzake lilipopita, dereva alimpigia honi kama anavyopigiwa honi ng'ombe.

"Wamebadilisha majina maabara," alimwambia mkewe. "Kimekaa humu ndani kutwa. Hata tone la mafuta hakijaliona. Sasa nikalalamike vipi? Nikasema beji yangu haikuwepo kazini?"

Aksaule aliendelea kukunja nguo za jirani.

*

Mama wa vipimo, yule aliyegawa beji, alikuja mwenyewe, mchana, kwa gari dogo lililojaa tope la theluji. Aliitwa Saltanat, mtu mzima, mfupi, mwenye miwani iliyopata ukungu alipoingia. Alisimama kwenye chumba cha mlangoni, buti moja mkononi, na hakuendelea kuvua ya pili. Alikuwa ananusa. Aksaule alidhani amesikia harufu ya maandazi na akaona fahari.

Walimkalisha mahali pa heshima, mbali na mlango. Bibi Ulmeken alimuuliza habari za watu wake, afya za wazee wake na hali ya barabara, na mgeni alijibu yote kwa adabu inayotakiwa. Aksaule alimimina chai ya maziwa, bakuli nusu nusu, maana ukimjazia mgeni ni kama kumwambia anywe aondoke. Joldas alikaa akitazama kitambaa cha meza.

Saltanat alisema hesabu imemkataa. Amefanya kazi hii visima vingi. Hata mtu akiinamia mdomo wa tangi zamu nzima, kichwa ndani, hatoki na kiasi kile. Halafu damu ya Joldas imepimwa na haina neno. Kwa hiyo alitaka kujua, siku ile alifanya nini, alipita wapi, alisimama na nani.

"Kazi ya kila siku," Joldas akasema.

"Beji uliivaa tangu asubuhi?"

"Nilivaa."

"Kwenye kola?"

"Kwenye kola."

Mgeni aliweka bakuli chini. Hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu, sijaja kukufukuza. Nimekuja kwa sababu sikupata usingizi. Sumu ile si harufu tu. Inaingia kwenye mifupa, huko damu inakotengenezwa. Aliyeivaa beji ile, kama anaendelea kuvuta hewa ileile, kwanza atakuwa mweupe. Atachoka, atalala sana. Baadaye damu itavilia chini ya ngozi bila kugongwa popote, na pua itatoka damu. Wewe nimekutazama, huna hata kimoja. Ndiyo maana nauliza, nani aliivaa?"

Chai ilikuwa inamiminika. Ilijaa bakuli la mgeni, ikapita ukingo, ikatambaa juu ya kitambaa hadi kwenye maandazi, na Aksaule hakuinua birika.

"Aksaule," bibi Ulmeken akasema kwa mshangao, kwa sababu haijawahi kutokea. "Mwanangu, chai."

Aksaule alimtazama mumewe. Joldas alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Pale getini angalau palikuwa na mshahara. Likisemwa, hapatakuwa na geti wala mshahara, na wenzake wote wataingia nalo shimoni. Aksaule aliyaelewa yote hayo. Akaweka birika chini.

"Hakuivaa yeye," akasema. "Aliivaa Yersain."

Mgeni alimgeukia bibi kuuliza Yersain ni nani katika wanaume wa nyumba hii, kisha akaona macho yote mawili ya Aksaule yalipokuwa yanatazama. Kwenye kona ya bomba, ile besik iliyofunikwa ilikuwa imetulia kama kilima kidogo.

Saltanat alikwenda kwa magoti, hakuinuka. Alifunua pembe ya mafuniko, akaingiza kichwa mle ndani alimolala mtoto, na akakitoa palepale, miwani upande, machozi yakimtoka. Alianza kuvitupa vile vitu saba nyuma yake kimoja kimoja, na bibi Ulmeken, ambaye asingemruhusu mtu kuvigusa, alimwacha. Alipofika kwenye koti akalisimamisha mbele yake kwa vidole viwili.

"Hili limefuliwa kwa kitu gani?"

Joldas ndiye aliyejibu, kwa sauti isiyo yake. "Kwa petroli nyeupe. Kila mtu anafua hivyo."

"Nimelifua mimi," Aksaule akasema.

Alikuwa ameshamnyanyua mtoto na anafungua dirisha lililozibwa kwa karatasi tangu baridi ianze. Alilivuta mpaka karatasi ikachanika. Baridi ikaingia na theluji yake. Yersain alifumbua macho, akapiga chafya, akalala tena kifuani kwa mama yake, mweupe kama alivyokuwa.

"Nilimwekea mimi," bibi Ulmeken alisema. Hakuna aliyemuuliza. "La kwanza kutoka kwa mtoto. Kwa mkono wangu."

Saltanat aliuliza maswali mafupi kuhusu madoa, pua, tangu lini. Kisha akamgeukia Joldas, na sasa aliuliza lile ambalo wanaume wote wa matangi walikuwa wamelikimbia.

"Wangapi waliacha beji nyumbani?"

Joldas alitazama ukuta. Pengine aliwaona wenzake wamejipanga pale.

"Wote."

Mama wa vipimo alikaa chini palepale sakafuni, koti lile miguuni mwake. Alikuwa amekwisha kuiambia kampuni kwamba hewa ya matangi ni nzuri, na kampuni ilikuwa imefurahi, na kwa hewa hiyo nzuri walikuwa wanazungumza kuwakatia watu wote maziwa.

"Basi matangi sijayapima," akasema taratibu. "Nimepima madirisha ya wake zenu."

*

Hospitali ya mkoa walimtoa Yersain damu kidogo na walipoisoma wakaitoa tena, wakidhani wamekosea. Wakamwekea ya mtu mwingine. Aksaule alikaa kwenye kiti cha bati kando yake. Daktari kijana alimuuliza, mbele ya wauguzi, ni mama gani anayemlaza mtoto kwenye petroli. Alijibu kwamba ni yeye. Hakumtaja mama mkwe wake, wala ile desturi, wala koti lilifika pale kwa heshima gani. Daktari yule alitazama mikono yake, mikavu, iliyopasuka mpaka viwikoni, na hakuuliza jingine. Siku iliyofuata alitaka kupima na damu yake Aksaule.

Nyumbani bibi Ulmeken alilichukua koti kwa fimbo, akalitundika kwenye mti wa mwisho wa uzio. Liliganda usiku huo, mikono wazi, na kila aliyepita barabarani alidhani kuna mtu amesimama nje amekatazwa kuingia.

Wanaume waliacha kumsalimia Joldas. Mmoja alimwambia getini kwamba amewauza kwa chai na maandazi. Lakini wake zao walikuja. Walikuja mmoja mmoja, wakizunguka nyuma, na kila mmoja alisimama mlangoni bila kuvua viatu akamuuliza bibi jambo lilelile: mtoto alianza vipi? Weupe wake ulikuwaje? Mmoja alikuja na binti yake, akampandisha gauni, akaonyesha paja. Bibi Ulmeken alitazama kwa muda mrefu. Akamwambia asingoje gari la kampuni, aende leo.

Kampuni ilimtoa Joldas hata getini, kwa kudanganya vipimo. Saltanat aliomba arudishwe, wakamjibu hilo si la afya. Basi akagawa beji upya, na safari hii akasimama mwenyewe juu ya matangi kwenye upepo ule, akimbania kila mwanamume kola kwa mkono wake, na jioni akazitoa mwenyewe. Majibu yalipokuja hakuna aliyecheka bwaloni. Matangi mawili yakafungwa.

Yersain alirudi nyumbani theluji ikianza kuwa maji. Madaktari walisema damu imeanza kujitengeneza, lakini hawakusema itaendelea. Kila mwezi arudi. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, mabomba hayakuwa na nguo, dumu halikuwepo. Karai Aksaule alikuwa amelitupa yeye mwenyewe. Joldas alikuwa ameajiriwa na mfugaji ng'ambo ya bonde, akirudi akinuka kondoo, na bibi alisema hiyo ni harufu ya watu.

Saltanat alipita siku hiyo kumwona mtoto. Alipokuwa anaaga, bibi Ulmeken alimshika mkono wa koti. Mwanamke yule asiyeomba chumvi kwa jirani alisimama kizingitini.

"Nipe kingine," akasema. "Kile kidude."

Mgeni alimpa. Bibi alikifungua mfuniko, akakisomea bismillah, akakibana kwenye mti wa besik kati ya manyoya ya bundi na ushanga. Mtoto hakumfunga mikanda wala hakumfunika kitu. Kisha yeye na Aksaule wakakaa sakafuni, huku na huku, kama watu wanaokesha na mgonjwa, wakikiangalia.

Kilikuwa cheupe, kinang'aa, kimetulia. Hakikuwa na tofauti yoyote na kile cha kwanza.